Embe Pevu, Embe Bivu: Mwongozo wa Kula na Kuhifadhi Mazao ya Msimu wa Joto

Ikifika mwisho wa Novemba, barabara inayotoka Mkuranga kuingia Dar es Salaam hunukia maembe. Malori yanapita na matenga, akina mama wamepanga mafungu kando ya lami, na embe ambalo miezi mitatu nyuma ulilinunua moja moja kwa kufikiria, sasa unauziwa kwa ndoo. Nyanya nazo zikishuka bei zinashuka kweli: kisado kinajazwa mpaka kilima, na muuzaji anaongeza mbili juu bila kuombwa. Wiki hizohizo ndizo majalala ya mitaani yanapojaa maembe yaliyooza. Hilo linaniuma kila mwaka, kwa sababu Aprili watoto walewale wataomba embe na halitakuwepo.

Bibi yangu wa Muheza alinifundisha maneno mawili kabla hajanifundisha kupika: pevu na bivu. Embe pevu limekomaa mtini lakini bado gumu. Embe bivu liko tayari kuliwa. Mjini tumeyachanganya maneno haya, tukaanza kuita kila kitu kigumu "bichi", na hapo ndipo hasara inapoanzia. Embe changa halitaiva hata ulifunike mwezi mzima, litasinyaa tu. Embe pevu linaweza kungoja. Embe bivu haliwezi. Ukiyajua hayo matatu kwa mkono na pua, nusu ya kazi ya kuhifadhi umeimaliza.

Hatua ya kwanza: kununua

Rangi isikudanganye. Dodo huweza kuiva likiwa na kijani kingi tu, na kuna maembe yenye wekundu wa kupendeza ambayo ndani ni makali kama ndimu. Tazama mabega. Embe pevu limejaa pande zote mbili za kikonyo, mabega yamenyanyuka hata kikonyo kinaonekana kimezama kidogo. Embe changa lina mabega yaliyoteremka, limechongoka pale juu. Ukiwa nyumbani na hujaamini, litumbukize kwenye ndoo ya maji: mapevu mengi huzama, machanga huelea.

Bibi alikuwa hafinyi embe katikati. Aliweka kidole gumba pembeni mwa kikonyo tu, akagusa kama anayepima homa, kisha akalisogeza puani palepale kwenye kikonyo. Likinukia, anaweka kushoto. Lisiponukia, kulia. Kufinya katikati, kama tunavyofanya wengi sokoni, huacha alama ya kidole ambayo keshokutwa inakuwa doa jeusi, na anayelinunua ni mwenzako.

Kama unanunua shambani au unachuma kwako, acha kikonyo cha urefu wa vidole viwili, usilinyofoe. Utomvu unaotoka pale huunguza ganda, na kuna watu wenye ngozi nyepesi ambao huwatoa malengelenge midomoni. Ukishayachuma, kata vikonyo kivulini, yalaze maembe kichwa chini juu ya nyasi au fito ili utomvu udondoke bila kugusa ganda, kisha yaoshe kwa maji safi na yakauke kabisa.

Angalia pia kitundu kidogo kama kilichochomwa na pini, pengine kina tone la utomvu lililokauka. Huo ni mlango wa nzi wa matunda. Nzi huyu aliyetoka Asia aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo amewasumbua sana wakulima wa maembe. Jike hutaga chini ya ganda, na unapokuja kukata unakuta funza. Embe la namna hiyo usilitupe uani, kwa sababu funza watashuka ardhini na kutoka nzi wapya. Lifukie shimo la kina cha nusu mita, au lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, uliache juani siku kadhaa.

Kwa matunda mengine, kumbuka jambo moja tu. Embe, papai, ndizi, parachichi, pera, topetope na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Nanasi, tikitimaji, chungwa, zabibu na shokishoki hayaongezeki utamu hata siku moja. Kwa hiyo nanasi la Kiwangwa linunue likiwa limeshanukia chini, kwenye kitako. Anayekwambia "kaliweke, litaiva" anakuuzia rangi. Litabadilika kuwa njano na kulainika, lakini sukari itabaki ileile.

Hatua ya pili: mafungu matatu, siku ileile

Mwaka mmoja mjomba alinitumia gunia zima la maembe kwa basi kutoka Muheza. Lilinifikia Jumatano usiku, nimechoka, nikaliegemeza jikoni karibu na jiko la mkaa nikisema nitalishughulikia Jumamosi. Jumamosi nilipokata kamba, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Ya chini yalikuwa yamepondeka, maji yake yamelowanisha ya katikati, na ukungu ulikuwa umeshatambaa. Niliokoa kama robo. Mjomba alikuwa amepanda mti mwenyewe kuyachuma, na sikuweza kumwambia.

Matunda yanapumua, na yakipumua yanatoa joto na hewa ya kuivisha iitwayo ethilini. Embe moja bivu ndani ya gunia lililofungwa linawaivisha jirani zake wote, na lililopasuka linawaozesha. Hakuna kesho katika jambo hili. Mzigo ukifika, hata saa tano usiku, mwaga juu ya mkeka na ugawanye.

Fungu la kwanza ni la kula: yanayonukia na kubonyea kidogo. Haya yaoshe, yafute, yaweke friji, yatakaa siku nne au tano. Fungu la pili ni la kungoja: mapevu, magumu, yasiyo na jeraha. Yapange safu moja mahali penye hewa na kivuli. Fungu la tatu ni la kugeuza leo hii: yaliyogongwa, yaliyochanika, yaliyoiva kupita. Haya yanakwenda kwenye juisi, jemu au friza kabla hujalala, na sehemu iliyobadilika rangi inakatwa kwa upana. Yenye ukungu hayaingii fungu lolote.

Kosa ninaloliona kila nyumba yenye friji ni kuingiza fungu la pili kwenye baridi ili "lisiharibike". Embe gumu likikaa chini ya nyuzijoto 13 hivi kwa siku nyingi hujeruhiwa na baridi. Ganda linapata madoa ya kijivu, nyama inakuwa kama boga lisilopikwa vizuri, na hata ukilitoa haliivi tena sawasawa. Kwanza liive nje, ndipo liingie ndani. Nyanya nayo ni vivyo hivyo.

Hatua ya tatu: kuvundika

Neno hili nalipenda kwa sababu linakaa mlango mmoja na kuvunda. Kuvundika ni kulisaidia tunda pevu liive. Kuvunda ni kuoza. Kati ya hayo mawili kuna siku moja au mbili za kutoangalia.

Chukua boksi la katoni au kikapu. Tandika gazeti au majani makavu ya mgomba. Panga maembe yasibanane, kichwa chini, safu mbili zisizidi, kisha funika kwa gazeti jingine. Ukitaka yaende haraka, weka ndizi mbivu moja katikati. Usitumie plastiki: mvuke hauna pa kutokea, jasho linarudi juu ya ganda na ukungu unafurahi. Weka boksi mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Kila asubuhi fungua, nusa, toa yaliyoiva, rudisha mengine. Kwa joto la Pwani, embe pevu huchukua siku mbili mpaka tano.

Kuna wanaoharakisha kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea. Achana nayo kabisa. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na embe lililoivishwa hivyo hupata rangi moja ya njano iliyolingana mno, likiwa halina harufu na ndani bado kali. Ukikuta tenga zima lina rangi sawasawa lakini halinukii, pita.

Hatua ya nne: kuyafanya yadumu

Njia ziko tatu, na mimi hutumia zote kwa sababu kila moja ina adui yake. Friza adui yake ni umeme kukatika, kukausha adui yake ni unyevu, na achari adui yake ni haraka.

*Friza.* Menya maembe mabivu, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vitandaze kwenye sinia visigusane, gandisha kwa saa kadhaa, halafu ndipo uvikusanye kwenye chombo. Ukiviweka pamoja tangu mwanzo utapata jiwe, na kila ukitaka glasi moja ya juisi itabidi uyeyushe kilo mbili. Ya nyuzinyuzi yasage, yachuje, mimina rojo kwenye makopo safi ya siagi au aiskrimu yenye mfuniko, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu kwa sababu kitu kikiganda hutanuka. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, mimi huyakusanya makopo haya mwaka mzima, na kwa kweli yanahifadhi vizuri kuliko mifuko ilivyokuwa. Andika tarehe juu. Ukitumia ndani ya miezi sita hadi minane ladha bado iko vizuri.

Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia. Iliyojaa ikabaki imefungwa hushikilia baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Ndiyo maana nafasi tupu naijaza chupa za maji.

*Kukausha.* Hapa kalenda ni muhimu. Desemba bado kuna mabaki ya vuli, na embe lililonyeshewa siku ya pili ya kuanikwa ni hasara. Kwa Pwani, Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua limetulia, ndizo siku zake. Tumia maembe yaliyoiva lakini bado yana ugumu, yaliyolainika yatanata.

Menya, kata vipande virefu vyembamba, milimita 5 mpaka 7, vyote unene mmoja. Hili la unene mmoja nalisisitiza: vyembamba vitakuwa vigae wakati vinene bado vina maji ndani, na hivyo vyenye maji ndivyo vitakavyoambukiza chupa nzima. Viloweke dakika 10 kwenye maji yaliyokamuliwa ndimu, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita. Ndimu inazuia weusi. Vichuje, vitandaze kwenye wavu wa nailoni uliogongwa kwenye fremu ya mbao, usitumie wavu wa chuma kwa kuwa unashika kutu. Nyanyua fremu juu ya matofali hewa ipite chini, na funika kwa chandarua safi kisichowekwa dawa. Chandarua cha kulalia chenye dawa ya mbu hakifai hata kikioshwa.

Geuza mara mbili kwa siku. Ingiza ndani kabla ya magharibi, kabla umande haujaanza. Siku ya pili au ya tatu chukua kipande, kipoe, kikunje: kiwe kinakunjika kama ngozi, kisinate, na ukikichana pasionekane unyevu. Pima kikiwa kimepoa, kwa sababu kikiwa cha moto hukudanganya kuwa bado kilaini.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulikosa. Weka vipande kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ujaze theluthi mbili tu, na kwa wiki nzima uitikise kila siku. Vile vilivyobaki na maji kidogo hugawana na vile vilivyokauka sana. Ukiona ukungu wa mvuke ndani ya kioo, rudisha vyote juani siku hiyohiyo.

*Achari.* Hii ni kazi ya maembe mapevu mabichi, hasa yale yaliyoangushwa na upepo. Chukua kilo 2 za nyama iliyokatwa vipande, na ganda lake kama unalipenda. Changanya na vijiko vinne vya chakula vya chumvi, acha usiku kucha, mwaga maji, anika siku moja au mbili mpaka visinyae. Chemsha vikombe viwili vya siki ya dukani yenye asidi ya asilimia 5, robo kilo ya sukari, saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari ya manjano, uwatu kidogo, na pilipili kwa kadiri ya nyumba yako. Ikichemka tia maembe, pika dakika 10 kwa moto mdogo, jaza ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa. Usipunguze siki kwa kuongeza maji. Siki ndiyo inayolinda. Iache wiki mbili kabla ya kuonja, na ukishafungua chupa iweke friji. Kijiko kikavu peke yake ndicho kiingie.

Nyanya

Nyanya zikitoka Ilula kwenye matenga zimesafiri saa nyingi kwa lori, kwa hiyo zinapokufikia mtaani ya chini imeshabeba uzito wa wenzake wote. Chagua ngumu zenye wekundu unaoanza. Zipange safu moja, upande wa kikonyo chini, kwa sababu pale kwenye kovu la kikonyo ndipo maji hutokea na vimelea huingia. Zisioshwe mpaka unapozitumia.

Zilizoiva zote kwa pamoja, zigandishe nzima. Zioshe, zifute, tia kwenye chombo. Siku ya kupika iweke moja chini ya bomba, ganda linavuka lenyewe kama soksi. Kama nafasi ni ndogo, pika rojo: katakata, chemsha bila mafuta wala kitunguu mpaka ibaki kama nusu, poza, igandishe kwenye trei za barafu. Vibonge vitatu au vinne vinatosha mchuzi wa watu wanne.

Rojo ya kuweka kabatini miezi mingi bila friza sikushauri uibuni mwenyewe. Asidi ya nyanya hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine, na kwenye chupa iliyofungwa bila hewa, chakula kisicho na asidi ya kutosha kinaweza kukuza vimelea vya botulizimu, ambavyo huweza visibadilishe harufu wala rangi na sumu yake huweza kuua. Saumu au pilipili zilizolowekwa kwenye mafuta na kuachwa juu ya meza zina hatari ileile. Zikae friji, ziishe ndani ya siku chache.

Asiye na friza akaushe. Kata nyanya mbili kwa mbili, kamua mbegu, nyunyiza chumvi kidogo, anika upande wa ndani ukitazama juu kwa siku tatu mpaka tano za jua kali. Zikishakauka kabisa zitwange. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye maharage hukufanya usahau nyanya za kopo.

Mboga za majani, vitunguu na vinginevyo

Watu wa Dodoma wamekausha mlenda miaka na miaka, na Wasukuma wana michembe yao ya viazi vitamu, kwa hiyo hapa hakuna ugeni. Majani ya kunde, matembele na mchicha yaoshe, yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, yachuje, uyaanike kivulini penye upepo. Kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi na kula vitamini. Yakivunjika mkononi yamekauka. Yanayoliwa wiki hii yafunge kwa kitambaa kibichi, mbali na ndizi na maembe. Ile ethilini huyafanya yawe njano.

Vitunguu havitaki friji wala plastiki. Shingo iwe imekauka, vitundike kwenye wavu, visikae na viazi mviringo. Ndimu zikiwa rahisi, zikamue na ugandishe.

Kwa aliye bara pakavu na hana friji, kuna mtungi ndani ya mtungi, ambao mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliusambaza huko kwao miaka ya 1990. Chukua mitungi miwili ya udongo isiyopakwa rangi, mmoja uingie ndani ya mwingine ukibaki upana wa vidole vitatu. Jaza mchanga katikati, mwagia maji mchanga ulowe, weka mboga ndani, funika kwa kitambaa kilicholowa, uweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Ongeza maji asubuhi na jioni. Dodoma, Singida na Shinyanga wakati wa kiangazi unafanya kazi vizuri sana. Dar es Salaam na Tanga, hewa ikiwa imeshiba unyevu, utapata ubaridi kidogo tu, kwa hiyo usiuamini na nyanya zilizokwisha kuiva.

Masika yakianza Machi, kagua akiba yako. Fungua chupa za vikavu moja moja, nusa, kunja kipande. Vilivyolainika kidogo bila ukungu, ngoja siku ya jua uviache nje saa chache, au vipitishe kwenye oveni ya moto mdogo mlango ukiwa wazi kidogo. Vyenye ukungu, mwaga chupa nzima. Makopo ya friza yenye tarehe ya zamani yasogeze mbele. Kwangu yale ya kwanza hutoka Ramadhani: kopo moja la rojo la embe, maji, ndimu, iliki mbili zilizopondwa, na jagi linakuwa tayari kabla ya adhana.